Vigezo vya CEPH mezani kwa kamati ya mtaala: tathmini kwa wanaopanga shahada ya kwanza ya afya ya jamii

Kamati nyingi zinazoandaa shahada ya kwanza ya afya ya jamii katika vyuo vyetu huanza kwa kuchukua mtaala wa chuo jirani. Wanabadilisha namba za kozi, wanaongeza mbili tatu ambazo mkuu wa idara anazipenda, kisha safari ya Seneti inaanza. Wachache hutafuta kipimo cha nje, na kinachopatikana upesi kuliko vyote ni vigezo vya CEPH, baraza la Marekani linalotoa ithibati kwa shule na programu za afya ya jamii. Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1974. Vigezo vyake viko wazi kwenye tovuti yake, havilipiwi, na pamoja navyo kuna violezo vya majedwali vya kujaza.

Hapa tunaupima waraka huo kama kifaa cha kazi kwa mtu aliyeko Dodoma, Eldoret au Mbarara ambaye hana mpango wa kuomba ithibati ya Marekani. Kwa kukagulia mtaala uliokwisha kuandikwa, ni kifaa kizuri sana. Kwa kuuandika mtaala kutoka sifuri, utakupoteza.

Kwanza hakikisha umepakua waraka unaokuhusu. CEPH ina seti mbili. Moja ni ya shule na programu za afya ya jamii, yaani mahali ambapo shahada ya kwanza inaishi pamoja na ya uzamili au uzamivu. Ya pili ni ya programu za shahada ya kwanza zinazosimama peke yake. Idara isiyo na uzamili wa afya ya jamii ichukue ya pili, ni fupi na haikulazimishi kusoma kurasa za uzamili (MPH) na uzamivu (DrPH) zisizokuhusu. Maudhui ya msingi ya shahada ya kwanza yanafanana katika zote mbili, kwa hiyo aliyepakua isiyo yake hajaharibu kitu ila muda.

Kiini cha waraka ni nyanja tisa ambazo kila mhitimu lazima awe amezipitia. Historia, falsafa na maadili ya afya ya jamii. Ukusanyaji, matumizi na uchambuzi wa takwimu. Dhana ya afya ya watu kwa ujumla wao na afua zinazolenga mahitaji yao. Sayansi ya afya na magonjwa ya binadamu katika hatua zote za maisha. Vichocheo vya afya, yaani uchumi, tabia, baiolojia na mazingira. Upangaji, utekelezaji na tathmini ya miradi. Muundo wa mfumo wa afya. Sheria, maadili, uchumi na sera. Na mwisho, mawasiliano ya afya. Juu ya nyanja hizo kuna umahiri wa aina mbili tu: kuwasilisha taarifa za afya kwa mdomo na kwa maandishi kwa hadhira tofauti, na kutafuta, kuchuja na kuunganisha taarifa za afya.

Orodha hiyo inaonekana nyepesi hadi unapoanza kuijaza. Kiolezo kinataka jedwali: nyanja zimevunjwa vipande vipande upande mmoja, kozi zote za lazima upande wa pili. Kila mahali zinapokutana unaandika I kama kozi inaligusia tu jambo hilo, au C kama inalifundisha kikamilifu. Hakuna herufi ya tatu. Katika jedwali hili ndimo thamani yote ya waraka ilimo, na ndimo kamati nyingi zinapojidanganya pia.

Udanganyifu wenyewe ni rahisi. Unawapa wahadhiri jedwali, kila mmoja ajaze kozi yake. Linarudi limejaa C kila kona, maana nani atakubali kwamba kozi yake inagusia tu? Hapo ni funika kombe mwanaharamu apite: mwenyekiti anatabasamu, jedwali linabanwa kwenye kiambatisho, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anahitimu bila kuwahi kuandika hata mpango mmoja wa tathmini ya mradi.

Dawa yake ni kumnyima mwenye kozi kalamu. Watu wawili ambao hawafundishi kozi hiyo wachukue muhtasari wake na mitihani miwili iliyopita, wajaze wao. Kanuni iwe hivi: C inaandikwa pale tu ambapo vitu vitatu vinaonekana kwa macho, navyo ni tokeo la kujifunza lililoandikwa, kipindi chenye mada hiyo kwenye ratiba, na swali la mtihani au kazi inayolipima. Kikikosekana kimoja, ni I. Vikikosekana viwili, kisanduku kinabaki kitupu. Kozi arobaini kwa nyanja tisa ni kazi ya siku mbili kwa watu wanne, wakiwa na nakala za karatasi. Kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na projekta haiishi, kwa sababu kila kisanduku kinageuka mjadala.

Ukijaza hivyo, mapengo hujitokeza karibu mahali palepale kila mara. La kwanza ni mawasiliano. Kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, ile inayofundishwa chuo kizima, inawekwa kama ushahidi wa nyanja ya tisa. Lakini ndani yake mna barua ya kuomba kazi, namna ya kunukuu vitabu na jinsi ya kuandika kumbukumbu za kikao. Hakuna tangazo la redio kuhusu kipindupindu, hakuna muhtasari wa sera wa kurasa mbili kwa diwani, hakuna namna ya kujibu uvumi kuhusu chanjo kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo ni I, tena ya huruma. Pengo la pili ni tathmini ya miradi, ambayo hujificha nyuma ya kozi ya "usimamizi wa huduma za afya". La tatu ni uchumi wa afya, ambao huwa mada ya wiki moja mwishoni mwa muhula, na wiki hiyo ndiyo inayoliwa na sikukuu au mgomo.

Jambo ambalo jedwali halilionyeshi ni mpangilio. Linakwambia takwimu zipo na epidemiolojia (elimu ya mienendo ya magonjwa katika jamii) ipo, halikwambii ipi inatangulia. Kosa la kuweka epidemiolojia muhula wa pili na biostatistiki muhula wa tatu ni la kawaida kuliko unavyodhani, hasa idara inapoazima mhadhiri wa takwimu kutoka kitivo kingine na kufuata nafasi zake. Matokeo yake mhadhiri wa epidemiolojia anatumia nusu ya muhula kufundisha uwiano na masafa ya kujiamini ya asilimia 95 (confidence interval), na uchunguzi wa mlipuko unabanwa kwenye vipindi viwili. Ongeza mstari mmoja juu ya jedwali unaoonyesha muhula wa kila kozi, kisha angalia kama kuna C inayotangulia I yake.

Nyanja ya takwimu inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha shahada ya kweli na semina ndefu. Waraka unasema mhitimu ajue dhana, mbinu na zana za kukusanya na kuchambua data, na kwa nini ushahidi ni muhimu. Basi. Kiwango gani? Kwa zana ipi? Hausemi. Kamati ikiacha hapo, itapata mhitimu anayeweza kutaja aina nne za sampuli na asiyeweza kuchukua hata moja. Sisi tungeandika C kama mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kufanya hivi bila kushikwa mkono: anapewa orodha ya watu 75 waliohudhuria shughuli moja, 50 walikula pilau na 35 kati yao wakaugua, 25 hawakula na 5 kati yao wakaugua. Achore jedwali la mbili kwa mbili, apate kiwango cha kuugua cha asilimia 70 kwa waliokula na asilimia 20 kwa wasiokula, uwiano wa 3.5, kisha aeleze kwa sentensi mbili zinazoeleweka na mtendaji wa kijiji maana ya 3.5 na kwa nini haitoshi kumfungia mpishi. Mwaka wa tatu atengeneze dodoso kwenye KoboToolbox au ODK, alijaribu kwa kaya kumi, alirekebishe, akusanye, asafishe data na kuichambua kwa programu ya bure kama Epi Info au R. Chuo kinachofundisha SPSS kwa nakala ya kuiba kinamwandaa mhitimu kwa zana ambayo ofisi yake ya halmashauri haitainunua.

DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia taarifa za afya, haitajwi, na hatutegemei Wamarekani waitaje. Lakini Kenya ilikwisha kuisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinaitumia kwa taarifa za vituo vya afya. Shahada ya afya ya jamii hapa kwetu bila mwanafunzi kuketi mbele ya mfumo huo, kuvuta taarifa za robo mwaka na kugundua kituo kilichojaza sifuri mahali pa "hakuna taarifa", ina tundu kubwa ambalo jedwali la CEPH halitalikamata. Mstari huo uongeze mwenyewe.

Nyanja ya mfumo wa afya nayo ni lazima ifumuliwe. Waraka unataka mwanafunzi ajue sifa na muundo wa mfumo wa afya wa Marekani na tofauti zake na nchi nyingine. Kuna mitaala imebadilisha neno "Marekani" ikaweka jina la nchi yake na kuacha maudhui ya Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali ya Marekani, kwenye orodha ya usomaji. Kinachotakiwa ni mwanafunzi wa Tanzania aweze kueleza kwa nini bwana afya wa kata anawajibika kwa halmashauri ilhali miongozo yake inatoka Wizara ya Afya, na kwa nini Zanzibar ina wizara yake. Wa Kenya aeleze nini kilihamia kaunti 47 baada ya katiba ya 2010 na nini kilibaki Nairobi. Hapo sheria inaingia pia: Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 kwa Tanzania, na Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, kwa Kenya. Kuzisoma tu hakutoshi. Mwanafunzi aandike ilani ya kero kwa mwenye nyumba ambaye maji ya choo chake yanatiririka barabarani, akitaja kifungu, muda wa kurekebisha na hatua inayofuata asipotii.

Tukiwa hapo, tuseme wazi udhaifu mkubwa zaidi wa waraka huu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. CEPH inamwona mhitimu wa shahada ya kwanza kama mtu mwenye elimu pana ya afya ya jamii, ambaye ataajiriwa popote au ataendelea na MPH. Harakati za shahada hii Marekani zilipata nguvu baada ya ripoti ya Institute of Medicine ya 2003, iliyopendekeza kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apate fursa ya kusoma afya ya jamii. Ni elimu ya raia kabla ya kuwa elimu ya fundi. Kwetu nafasi ya kazi ya kwanza inayomngoja mhitimu ina jina na sare: afisa afya. Anakagua machinjio, mgahawa, kisima, gesti, shehena bandarini. Anapima klorini iliyobaki kwenye maji na anajua kwamba chini ya miligramu 0.2 kwa lita bombani ni dalili ya hatari. Hakuna nyanja hata moja kati ya tisa inayomdai mwanafunzi ashike kipima klorini.

Tena kazi hiyo ina lango. Tanzania ina sheria ya usajili wa wataalamu wa afya ya mazingira ya 2007 na baraza lake. Kenya ina sheria ya mafunzo, usajili na leseni za maafisa wa afya ya umma ya 2013, nayo ina baraza lake. Kamati inayofuata CEPH peke yake inaweza kutoa shahada nzuri kabisa ya "afya ya jamii" ambayo mwenye nayo hasajiliwi kama afisa afya, na akagundua hivyo anapopeleka barua ya maombi ya kazi. Kwa hiyo barua kwa baraza la taaluma inatangulia kila kitu. Uliza kwa maandishi kama jina la shahada hiyo linatambulika na ni kozi zipi zinahitajika, subiri jibu la maandishi, ndipo uite kikao cha kwanza cha mtaala. Jibu la simu halina maana mbele ya Seneti.

Kwenye mafunzo kwa vitendo waraka ni mpole kupita kiasi. Unataka mwanafunzi apate nafasi ya kuunganisha na kutumia alichojifunza, iwe kwa fildi, mradi wa kijamii, semina ya mwaka wa mwisho, jalada la kazi au utafiti, na unahimiza akutane na watendaji wa afya wa eneo husika. Idadi ya saa haimo. Kwa Marekani, ambako kila chuo kina mazoea yake, huenda inatosha. Kwetu pasipo na namba, fildi ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Weka namba. Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza na shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Wiki nane za fildi kwa saa 40 ni saa 320, sawa na krediti 32, chini kidogo ya asilimia tisa ya shahada. Zigawe mara mbili: wiki nne baada ya mwaka wa kwanza katika kata, wiki nne baada ya mwaka wa pili katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au ya kaunti. Zikiwekwa zote mwishoni, mwanafunzi anakutana na kazi akiwa hana tena muhula wa kurekebisha alichokosa.

Kisha piga hesabu ya usimamizi kabla hujaahidi. Wanafunzi 120, kila mmoja atembelewe mara mbili, ni ziara 240. Msimamizi akifika kwa wanafunzi wanne kwa siku, na hiyo ni mjini, vijijini hafiki watatu, unahitaji siku-mhadhiri 60 pamoja na posho na mafuta. Idara yenye wahadhiri sita inatoa siku kumi kila mmoja. Fedha hizo zisipokuwa kwenye andiko la programu, msimamizi atapiga simu, na kitabu cha kumbukumbu za fildi kitasainiwa na mtu ambaye hakumwona mwanafunzi akifanya chochote.

Hilo linatufikisha kwenye walimu. Kwa programu inayosimama peke yake, CEPH inataka kiongozi wa programu aliyeajiriwa muda wote, na juu yake wahadhiri wanaolingana na wawili wa muda wote. Usiichukue namba hiyo ukaipeleka kwa makamu mkuu wa chuo, ataipenda mno. Waraka wenyewe unadai uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu ulinganishwe na programu nyingine zinazofanana nayo chuoni, na hicho ndicho kipengele cha kumpelekea.

Vipimo vya matokeo ni viwili na vyote vinaeleweka: asilimia 70 ya wanafunzi wahitimu ndani ya muda unaoruhusiwa, na asilimia 80 ya wahitimu wawe kazini au masomoni. La kwanza vyuo vyetu vingi vinaweza kulihesabu leo kutoka ofisi ya msajili. La pili linahitaji kuanza kabla mwanafunzi hajaondoka: namba mbili za simu, ya kwake na ya ndugu, pamoja na barua pepe isiyo ya chuo, zichukuliwe siku ya kurudisha vitabu vya maktaba. Anwani za chuo hufungwa baada ya mahafali na utafiti wa ufuatiliaji wa wahitimu hufa hapo. Nasi tungeongeza safu ambayo CEPH haina: mhitimu amesajiliwa na baraza la taaluma, ndiyo au hapana.

Kuna pia orodha ya dhana 12 za kupenyezwa humo humo, kama kazi ya pamoja, uongozi, maadili na fikra za kimfumo. Zisome mara moja. Hakuna kamati iliyowahi kukosa ushahidi wa kazi ya pamoja.

Sharti la elimu ya jumla, lenye sayansi za maisha, sayansi za jamii, takwimu za msingi na sanaa au fasihi, limejengwa juu ya shahada ya Marekani ya miaka minne ambayo sehemu yake kubwa ni masomo ya jumla. Tanzania na Uganda, ambako mwanafunzi anakuja na kidato cha sita, kulinakili ni kurudia baiolojia aliyofaulu na kula krediti ambazo epidemiolojia inazihitaji. Kenya, yenye shahada ya miaka minne, ina nafasi zaidi mwaka wa kwanza, na hapo anatomia na fiziolojia na mikrobiolojia zinakaa vizuri.

Kuhusu ithibati yenyewe: CEPH imewahi kuzithibitisha taasisi zilizo nje ya Marekani, ikiwemo ile ya taifa ya afya ya jamii ya Mexico na American University of Beirut, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ithibati ya kwanza hudumu miaka mitano, inayofuata hadi saba. Lakini kuna ada ya maombi, ada ya kila mwaka na gharama za timu ya wakaguzi, zote kwa dola, juu ya ithibati ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako, yaani TCU, CUE ya Kenya au NCHE ya Uganda, ambayo ni ya lazima kwa vyovyote. Kwa shahada ya kwanza inayolenga soko la ajira la hapa, fedha hizo zinunue vipima klorini, darubini na mafuta ya fildi.

Alama zetu: jedwali la I na C, tisa kati ya kumi. Nyanja tisa kama orodha ya ukaguzi, nane. Mwongozo wa fildi, tatu. Ufaafu kwa taaluma ya afisa afya, mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya nyanja ya sheria. Wanaoandaa stashahada wauache kabisa: Tanzania wanafuata mitaala ya umahiri ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambayo kwa upande wa ujuzi wa mikono imeingia ndani kuliko chochote kilichomo humu.